Uliza Fundi: Karakana ya nyumbani, kipi kikae wapi?

Safari hii nimekusanya pamoja barua za watu wanaotaka kufungua karakana ya useremala nyumbani kwao, mana zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, mashine niiweke wapi. Waliouliza habari za rangi na kukereza wangoje kidogo. Barua nimezifupisha, salamu zenu zote nimezipokea.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake, useremala nilijifunza kwa ami yangu na naufanya alasiri na siku za mapumziko tu. Nimejenga chumba uwani, mita 5 kwa mita 3, matofali na bati, mlango mmoja wa sentimita 80 uko ukuta mfupi na dirisha moja ukuta mrefu. Nnao msumeno wa meza, mashine ya randa ile ndogo ya kubebeka na drili ya kusimama. Nimechora ramani, mashine zote zimeegemea ukuta na benchi nimeliweka katikati, mwenzangu kaiangalia akasema haitofaa lakini kwa nini hakunambia. Plasta bado, waya bado. Nifanyeje? (Msomaji, Machomane)

JIBU: Waalaykumu salaam maalim. Mwenzako kasema kweli, na bahati yako umeuliza plasta haijapigwa.

Ulichopanga wewe ni mashine, na karibu kila mtu huanza hivyo, anaitazama mashine kama kabati ya nguo, anaitafutia ukuta wa kuiegemeza ili katikati pabaki peupe. Msumeno wa meza haukai ukutani maalim. Mbao ina urefu wake, na urefu huo unautaka mara mbili, mara moja kabla ya meno na mara ya pili baada ya meno. Chukua mbao ya futi 12, hiyo ni mita 3 na sentimita 66, ukitaka kuipasua kwa urefu wake unahitaji zaidi ya mita 7 za mstari mmoja ulionyooka, na chumba chako ni mita 5. Kwa hiyo hata ungekuwa na chumba kitupu hakina kitu chochote zaidi ya huo msumeno bado mbao hiyo haipiti. Hapo ndo pa kuanzia, kabla ya benchi, kabla ya drili, kabla ya chochote: mbao yangu ndefu kuliko zote itapita wapi?

Na jawabu lipo, itapita mlangoni. Weka msumeno katikati ya chumba, uelekee mlango, yaani wewe unasimama upande wa ndani, mgongo wako kwenye ukuta wa nyuma na uso wako mlangoni, mbao ikishapita meno inatoka nje uwani. Halafu ukuta wa nyuma, ule mfupi uliokabili mlango, toboa kijidirisha cha kupitishia mkia wa mbao, upana sentimita 60, urefu sentimita 30 panatosha, ukingo wake wa chini uwe chini kidogo ya uso wa meza ya msumeno, ukifunge kwa kifuniko cha mbao chenye bawaba na komeo kwa ndani. Sasa chumba chako cha mita 5 kinapasua mbao ya futi 12, mkia unaanzia nje kwa nyuma na kichwa kinaishia nje kwa mbele. Tofali mbili tatu tu unavunja. Ila hakikisha nyuma ya hicho kijidirisha hapapiti mtu wala hapachezi watoto.

Kuna sababu ya pili ya kukutaka uukabili mlango, nayo mie naiona kubwa kuliko ya kwanza. Msumeno wa meza ukikamata mbao vibaya unairusha, na unairusha nyuma, kule anakosimama fundi, kwa nguvu ya kuvunja mbavu. Ukiwa umeupa mlango mgongo basi mtoto anayekuletea chai anaingia kwenye mstari wa hatari moja kwa moja, na wewe humuoni, na salamu yake huisikii kwa kelele. Ukiukabili mlango unamuona anapotokea, unazima. Na wewe mwenyewe usisimame sawasawa na meno, simama ubavuni kidogo.

Huo mlango wenyewe sasa. Sentimita 80 ni mlango wa chumba cha kulala. Upanue, ufikishe mita 1 na sentimita 40, mbao mbili za kufungua, na kama pesa zako zinatosha kitu kimoja tu baina ya mlango na mashine nyengine basi panua mlango. Meza ya watu sita yenye upana wa sentimita 90 kwa mlango wako wa sasa itatoka kwa ubavu, na itakuchubua vidole, na kabati utalazimika kulitoa vipande vipande. Tena mlango mpana ndo hewa yako na ndo mwanga wako, kwani bati la Pemba mchana wa kaskazi wewe unalijua.

Benchi litoe katikati, lipeleke chini ya dirisha. Hesabu yake ni hii: benchi sentimita 60, ukuta uliokabili dirisha weka rafu ya mbao sentimita 40, zinabaki mita 2, msumeno wako wa kawaida una upana kama sentimita 70, basi kila ubavu unabakiwa na sentimita 65 za kupita. Si nyingi lakini mtu anapita. Urefu wa benchi watu wananiuliza sana, simama wima, mikono ichie ining'inie, pale kifundo cha mkono kilipo ndo kimo chako, kwa watu wengi ni kama sentimita 85 hivi. Ukipiga randa sana lishushe kidogo ili uzito wa mwili usaidie. Kazi ya nakshi inataka juu zaidi, ijapokuwa mafundi wengi wa nakshi wanakaa zao chini wamelaza ubao mbele yao na hawataki kusikia habari za benchi, na kazi zao unaziona.

Mashine ya randa ina tabia ile ile ya msumeno, inataka nafasi mbele na nyuma, lakini yako ni nyepesi, usiijengee pahala pa kudumu. Itengenezee meza ya magurudumu yenye breki, ikae chini ya benchi au pembeni, ukiitaka unaivuta mpaka kwenye ule ule mstari wa mlango. Mstari mmoja unatumiwa na mashine mbili kwa zamu, kwani huwezi kupasua na kuranda kwa wakati mmoja hata ungetaka. Ukijaaliwa fanya uso wa benchi na uso wa meza ya msumeno vilingane, benchi likiwa chini milimita tatu nne hivi, mbao pana ikitoka upande inaegemea benchi haining'inii. Likiwa juu ya msumeno hata kidogo mbao itagonga.

Drili ya kusimama hiyo ndo pekee inayokubali ukuta. Lakini usiisukume pembeni kabisa kwenye kona kama ulivyochora, mana haitaki nafasi mbele, inataka kulia na kushoto. Siku utakapotaka kutoboa mbao ya ubavu wa kitanda, futi 6, kona itakunyima. Iweke katikati ya ukuta mrefu, rafu ya mbao ipite juu yake.

Plaiwudi nzima, futi 4 kwa 8, usiiingize humo ndani. Hata ukiingiza hutoweza kuigeuza. Ikatie nje kwenye stendi mbili na msumeno wa mkono wa umeme, funga ubao ulionyooka uwe unaongozea, igawe vipande ndo vipande viingie.

Kabla hujaamua lolote, chukua maboksi, yakate ukubwa wa kila mashine, yapange sakafuni humo chumbani, halafu chukua mbao ya kweli ya futi 12 utembee nayo kuanzia mlangoni, uiweke kwenye rafu, uitoe, uilete kwenye boksi la msumeno, uigeuze. Utagonga taa, utagonga dirisha. Karatasi haina viwiko. Fanya hivyo siku mbili tatu kabla ya kumwita fundi wa plasta.

Sakafu usiisugue ikang'ara, maranda juu ya sakafu ya kung'ara yanateleza, iache saruji ya kawaida lakini iwe sawa, kwa sababu ya magurudumu. Waya nao mie ningekushauri usiufukie ndani ya plasta, upitishe juu ya ukuta kwenye mabomba, kwa sababu baada ya mwaka utataka kuhamisha kitu, hakuna aliyepanga karakana mara moja akaiacha hivyo hivyo.

SWALI: Fundi, mimi niko Wete, kiwanja kipo, banda bado sijajenga. Nyumba iko katikati, nyuma yake kuna nafasi pande zote. Jirani yangu wa upande mmoja anaanika karafuu uwanjani kwake kila msimu, na mke wangu kashanambia vumbi likiingia jikoni banda litavunjwa. Nijenge upande gani? (Msomaji, Wete)

JIBU: Mkeo ana haki. Na swali lako zuri sana, watu hujenga banda pale palipobaki, wakaja kujuta pepo zikigeuka.

Sisi huku tunazo pepo mbili kubwa na kila mtu anazijua lakini mtu akijenga banda anazisahau. Kaskazi inavuma kuanzia kama Disemba mpaka Machi, inatoka kaskazini mashariki. Kusi inaanza na masika na inaendelea mpaka Septemba au Oktoba, inatoka kusini, na kwetu mara nyingi inaelemea mashariki, kusini mashariki. Sasa hebu weka banda kaskazini ya nyumba, miezi ya kaskazi vumbi lote linakuja ndani. Liweke kusini, miezi ya kusi vumbi lote linakuja ndani, na miezi ya kusi ni mingi zaidi. Mashariki ndo kubaya kuliko kote, pepo zote mbili zina mashariki ndani yake. Unabakia magharibi. Banda likiwa magharibi ya nyumba kaskazi inalipeleka vumbi kusini magharibi na kusi inalipeleka kaskazini magharibi, nyumba inasalimika pande zote mbili.

Lakini magharibi kuna jua la alasiri, na wewe kama wengi wetu kazi yako ya nyumbani ni alasiri. Basi ukuta wa magharibi uzibe kabisa usiweke dirisha, dirisha kubwa weka kaskazini na jengine kusini, hewa inapita na jua halikuchomi machoni, kwani jua letu linapita karibu na utosini, asubuhi na jioni tu ndo linaingia kwa ubavu. Bati liwe refu litoke nje kama mita nzima upande wa magharibi.

Jirani wa karafuu hukusema yuko upande gani. Akiwa magharibi yako una kesi. Vumbi la mbao kwenye karafuu zilizoanikwa ni uchafu, na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wanapozipokea wanaangalia daraja, utakuwa umemtia mwenzako hasara kwa mashine yako. Hapo hakuna ramani itakayokusaidia, mnaongea. Msimu wa kuanika wewe unafanya kazi za mkono, patasi na randa ya mkono, maana maranda ya randa ya mkono ni mazito hayaruki, vumbi linaloruka ni la msasa wa umeme na la msumeno. Au unasubiri anue.

Na wewe mwenyewe je? Kila mtu anaogopa vumbi kwa ajili ya nguo zilizoanikwa, pafu hakuna anayeliuliza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, saratani ya pua hasa. Mvule ambao tunaupenda sana vumbi lake linawasha ngozi na kuna watu linawaletea pumu. Barakoa ile ya kitambaa haitoshi, tafuta ile ngumu inayokaza pua na mashavu. Usifagie kavu kavu jioni na milango imefungwa, fungua kote. Na panga mapema pahala pa kuweka polo mbili za maranda na unga wa mbao karibu na mlango, wenye majiko ya unga wa mbao watakuja wenyewe kuchukua, ila wasipewe wa plaiwudi, ile gundi yake si ya kuchomea chakula.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama, natengeneza fremu za picha na vijimeza vidogo nyumbani Fuoni. Kaka yangu kaniletea msumeno wa meza na msasa wa umeme kutoka Japani, vitu vizuri vilivyotumika kidogo. Fundi umeme kasema tuchomeke tu kwa adapta. Naogopa. Na soketi nimeambiwa niweke chini kama za sebuleni, ni sawa? (Mama wa Fuoni)

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu, kuogopa kwako kumeokoa mashine. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, umeme haiubadilishi. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Ukichomeka hivyo hivyo mota itaungua saa hiyo hiyo. Angalia kibandiko kwenye mashine, kikisema 100V basi unahitaji transfoma ya kushusha, nayo iwe na nguvu kuliko mashine. Msumeno wa wati 1200 usiupe transfoma ya 1200, mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi zaidi kuliko inapokwenda, tafuta ya 2 kVA au zaidi. Hapo kwenye kibandiko kukiandikwa 50/60 Hz hiyo ni salama kwetu, wetu ni 50. Transfoma ni nzito na inapata joto, ipangie pahala pake kabisa, juu ya rafu ndogo ya ukutani penye hewa, isikae sakafuni ikafunikwa na unga wa mbao.

Na huyo fundi umeme, tafuta mwengine.

Soketi za chini usikubali. Karakana kila kitu kinaegemezwa ukutani, plaiwudi, mbao, milango, na soketi ya chini itafunikwa wiki ya kwanza halafu utaanza kutambaa chini ya meza. Ziweke mita 1 na sentimita 20 kutoka sakafuni, hapo ziko juu ya benchi na juu ya vurugu zote. Moja moja kila mita mbili kuliko nne pahala pamoja.

Kitu ambacho wengi hawakiombi na ningependa ukiombe: taa ziwe na brekari yake na soketi za mashine ziwe na brekari yake. Mashine ikizidiwa ikaangusha brekari, usiku, na taa zikazimika pamoja nayo, unabaki kizani na diski bado inazunguka mbele ya vidole vyako. Ni waya mmoja zaidi tu. Waya wa soketi uwe milimita za mraba 2.5, eathi iwe ya kweli si ya kuonesha, na ile swichi ya usalama ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, iwepo. Soketi zetu za plagi ya pini tatu ni ampea 13, ambayo ni kama wati 3000, kwa hiyo msumeno na mashine ya kuvuta vumbi usivitie kwenye ekstensheni moja. Na ekstensheni ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake ifungue yote, ikiwa imejikunja inapata joto mpaka inayeyuka.

Umeme kukatika kwetu si habari mpya. Tabu si unapokatika, tabu unaporudi. Mashine za bei nafuu nyingi swichi zake zinabaki zimewashwa, umeme ukirudi diski inaanza yenyewe na wewe umeinama unasafisha. Ipo swichi inayojizima umeme ukikatika mpaka uibonyeze tena, waulize mafundi wa vifaa vya umeme, inaweza kufungwa kwenye mashine ambayo haikuja nayo. Mpaka uipate, umeme ukikatika mkono wa kwanza kwenye swichi, wa pili kwenye plagi.

SWALI: Natengeneza meza za mahoteli huku Paje. Meza zinatoka kwangu nzuri, zikikaa hotelini miezi miwili mitatu uso unapasuka au unapinda. Mbao nazihifadhi nje chini ya makuti. Je tatizo ni namna nilivyopanga karakana? (Fundi, Paje)

JIBU: Nusu ndio kaka. Mbao haikauki ikamaliza, inakauka mpaka inalingana na hewa iliyopo halafu inabaki hapo, hewa ikibadilika nayo inabadilika. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwenye joto la digrii 27 na unyevu wa asilimia 80 mbao inatulia kwenye maji ya asilimia 16 hivi. Hata uiweke miaka kumi chini ya makuti haitoshuka hapo. Sasa unaipeleka chumba cha hoteli chenye kiyoyozi usiku na mchana, unyevu wa hewa kama asilimia 50, huko mbao inataka kushuka mpaka 9. Inapungua upana. Uso wa meza wa sentimita 90, hata wa msaji ambao ni mtulivu, unaweza kupungua kama sentimita 1, na kama umeufunga kwa gundi na skrubu pande zote utapasuka tu, hauna pengine pa kwenda.

Kwenye mpango wa karakana basi gawa mbao zako makundi mawili. Zilizotoka chomboni juzi zibakie nje chini ya makuti, lakini ziinue sentimita 30 kutoka ardhini kwa sababu ya mchwa, na baina ya kila safu weka vijiti vya sentimita 2 hivi, kila nusu mita kijiti, vijiti vipangane juu kwa juu, visipopangana mbao inajifunza kupinda hapo hapo. Za kazi ya mwezi ujao ziingize ndani, chumba kinachofungika, juu karibu na dari ambako bati linapasha joto. Na za kazi ya hoteli nenda mbali zaidi, mwenye hoteli anataka meza nzuri, muombe chumba kimoja chenye kiyoyozi, zikae humo wiki kadhaa zikiwa zimekatwa kubwa kuliko kipimo, ndo uzirande kipimo cha mwisho. Wengine watakucheka. Kifaa cha kupimia maji ya mbao kinapatikana na si ghali ukilinganisha na meza moja iliyorudishwa, pima usikisie kwa kugonga.

Uso wa meza usiufunge kwa skrubu moja kwa moja, tumia vibanio vya mbao vinavyoingia kwenye mfereji wa fremu, uso unapumua fremu imetulia.

Vanishi ukipaka, usipake humo humo mnamokata. Kama huna pengine, asubuhi kabla hujawasha mashine ndo wakati wake, vumbi la jana limeshatua. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye maranda, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanashika moto, yatandaze nje juu ya uzio yakauke.

SWALI: Fundi shikamoo. Ninakaa Mji Mkongwe, nyumba ya ukoo, nina chumba juu ghorofa ya kwanza chembamba kama mita 3. Nataka kuweka msumeno wa meza na kujifunza. Sina uwanja. Inawezekana? (Kijana, Mji Mkongwe)

JIBU: Marahaba mwanangu. Msumeno juu, hapana. Unajua kwa nini vyumba vya nyumba zile ni vyembamba? Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kuvuka chumba kipana. Juu yake mawe na chokaa. Dari ile ilijengwa ibebe watu na vitanda, mtetemo wa mota kila siku haikujengewa, na wanaolala chini ya chumba chako ni bibi zako. Ukitaka kutoboa au kubadilisha chochote cha nyumba lazima upite Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza, mji ule upo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000.

Lakini kujifunza inawezekana sana, tena bila umeme. Ukipata hata stoo ya chini, yenye mlango wa barabarani, mita 2 kwa 3 ni karakana kamili kwa kazi ya mkono. Benchi zito la mita 1 na nusu, lifunge ukutani kwa mbao si kwa kutoboa ukuta, likae karibu kabisa na mlango kwa ajili ya mwanga. Msumeno wa mkono mmoja, randa moja, patasi tatu, kibao cha pembe mraba, jiwe la kunolea, na jiriwa ya kubania mbao. Nyundo ipo nyumbani kwenu bila shaka. Mbao nunua zilizokwisha randwa na ukatiwe vipande hapo hapo dukani, njia zile gari ya ng'ombe haipiti na futi 12 hazikati kona.

Vyuma vipake mafuta kidogo kila ukimaliza, bahari iko hatua mbili, chumvi ya hewani inakula randa usiku mmoja. Jiriwa ndo nunua mwanzo kabla ya benchi, mana kimo cha benchi na unene wa ubao wake vinafuata jiriwa uliyoipata, na ukishaipata niandikie vipimo vyake nikuchoree hilo benchi.